Deni la Mwenye Nguvu: Mhadhara Kuhusu Majabari wa Komiki

   

Nawashukuru waandaaji kwa kunipa nafasi hii, na ninyi mlioacha shughuli za jioni mkaja kusikiliza habari za Superman na Spider-Man katika ukumbi ambao tumezoea kumjadili Shaaban Robert na Euphrase Kezilahabi. Mada hii nimeileta hapa kwa makusudi, maana naamini hapa ndipo mahali pake.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba komiki za zamani za majabari, zile zilizochapishwa Marekani kuanzia 1938 hadi miaka ya 1970, ni fasihi inayostahili kusomwa kwa makini. Watu wengi hudhani kuwa habari yake kuu ni nguvu: nani kamrusha nani, nani kavunja ukuta gani. Mimi nasema habari yake kuu ni deni. Mtu akijaliwa nguvu kuliko wenzake, anawiwa na nani, na atalipa vipi? Swali hilo linapita katika kila komiki nzuri ya aina hii niliyowahi kuisoma, na mwishoni nitawaonyesha kwamba liliwarudia hata wenye kampuni zilizochapisha komiki hizo. Nazipenda kazi hizi tangu utotoni, wala sitajifanya msomi asiyeguswa. Nina hoja tano.

1. Waliobuni nguvu walikuwa wanyonge

Twende Cleveland, katika jimbo la Ohio, miaka ya mdororo mkuu wa uchumi. Vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, wote wamezaliwa 1914, wanakutana katika shule ya sekondari ya Glenville. Wote ni watoto wa Wayahudi waliohama kutoka Ulaya. Baba yake Shuster ni fundi cherehani. Baba yake Siegel ana duka la nguo. Shuster anachora vizuri, lakini karatasi nzuri ni ghali, kwa hiyo anachora juu ya karatasi za kufungia nyama. Macho yake ni mabovu, tena yataendelea kuharibika.

Mwaka 1932 wezi waliingia katika duka la mzee Siegel. Katika vurugu ile moyo wake ulisimama, akafariki. Jerry alikuwa na miaka 17. Sitadai kuwa msiba huo peke yake ndio uliomzaa Superman. Mambo ya moyo wa mwandishi hayapimwi hivyo. Lakini jambo hili ni la kweli: mtu asiyepenywa na risasi alibuniwa na kijana aliyempoteza baba katika uvamizi wa duka.

Walizunguka na Superman wao miaka kadhaa, wakikataliwa na mashirika yaliyosambaza katuni za magazeti. Hatimaye alitoka katika Action Comics namba 1, toleo la Juni 1938, kwa bei ya senti 10. Kwenye jalada anaonekana mtu amebeba gari la kijani juu ya kichwa, na watu wanakimbia.

Naomba sasa mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaomjua Superman wa sinema hushangaa. Katika kurasa 13 za kwanza za maisha yake, jabari huyu anafanya nini? Anamwokoa mwanamke anayekaribia kuuawa kwenye kiti cha umeme kwa kosa ambalo hakulitenda. Anaingia katika nyumba ya mume anayempiga mkewe na kumkomesha. Anakwenda Washington kumfuatilia mtu anayemwendesha seneta kwa manufaa ya watu wachache. Katika toleo la 2 anamkamata tajiri anayeuza silaha na kumlazimisha aende vitani mwenyewe, aonje bidhaa yake. Katika toleo la 3 kuna mgodi usio na usalama, na mchimbaji amefukiwa. Superman anajifanya mchimbaji, anawavuta mwenye mgodi na wageni wake wa karamu mpaka chini ya ardhi, kisha anauziba mlango. Tajiri analia, anatafuta king'ora cha hatari, anakuta kimeoza kwa kutu. Akitoka humo ni mtu mwingine.

Itazameni orodha hiyo ya maadui. Hakuna jitu kutoka sayari nyingine. Kuna jaji aliyekosea, mume katili, mla rushwa, muuza silaha na bepari wa mgodi. Hao ndio watu ambao kijana maskini wa Cleveland hakuwa na uwezo wa kuwagusa, kwa hiyo alimtuma mtu awaguse kwa niaba yake.

Na hakuwa peke yake. Jack Kirby, aliyezaliwa 1917 akiitwa Jacob Kurtzberg, alikulia Lower East Side, mtaa wa wahamiaji maskini jijini New York ambako watoto walipigana barabara kwa barabara. Yeye na Joe Simon walimbuni Captain America: Steve Rogers, kijana mwembamba mgonjwamgonjwa aliyekataliwa na jeshi, anachomwa dawa na kuwa askari asiye na mfano. Jalada la toleo la kwanza linamwonyesha akimtandika Adolf Hitler ngumi ya taya. Toleo hilo lilikuwa madukani mwezi Desemba 1940, mwaka mzima kabla ya shambulio la Pearl Harbor, wakati Marekani haijaingia vitani na wapo raia wake waliompenda Hitler waziwazi. Simon na Kirby walitishiwa maisha kwa jalada lile. Miaka michache baadaye Kirby alivalishwa sare kwelikweli. Alishuka Normandy mwaka 1944, na baridi ya majira yale nusura imkoseshe miguu. Mtu akichora ngumi namna hiyo kisha akaenda kuilipia kwa mwili wake, tunaposoma kazi yake tuisome kwa heshima.

Ningeweza kuongeza Batman, mtoto aliyeshuhudia wazazi wake wakiuawa kwa bastola kichochoroni. Na Wonder Woman wa mwaka 1941, aliyebuniwa na mwanasaikolojia William Moulton Marston, binti wa kifalme anayekiacha kisiwa cha amani ili awatumikie watu asiowajua. Mnaona tayari ni wa ukoo mmoja. Niendelee.

2. Udhaifu ndio mlango

Sisi hapa hatuhitaji kufundishwa na Marekani kuwa jabari lazima awe na mahali pa kuumia. Fumo Liyongo, jabari wa masimulizi ya Waswahili, hakudhuriwa na silaha yoyote ila sindano ya shaba ikimpata kitovuni, na mwanawe ndiye aliyetumwa kuipenyeza. Watu wa mji waliogopa kwenda kisimani siku kadhaa kwa sababu yeye, ingawa amekwisha kufa, alikuwa amepiga goti na upinde mkononi. Msomaji aliyelelewa na kisa hicho anaposikia kuhusu jiwe linalommaliza nguvu Superman, anatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Lakini kuanzia mwaka 1961 komiki za kampuni ya Marvel zilifanya jambo jipya kuhusu udhaifu. Stan Lee, mtoto mwingine wa wahamiaji Wayahudi wa New York, pamoja na Kirby na Steve Ditko, waliuondoa udhaifu mwilini wakautia katika maisha. Fantastic Four namba 1, ya Novemba 1961, ina watu wanne wanaogombana kama ndugu wa nyumba moja. Mmoja wao, Ben Grimm, amegeuka kuwa jitu la rangi ya chungwa lenye ngozi ya mawe. Ana nguvu za kung'oa jengo, lakini hawezi kutembea barabarani bila kuogopwa. Kwake nguvu ndiyo ugonjwa. Kwangu mimi Ben Grimm ndiye mhusika mkubwa kuliko wote aliowachora Kirby, na sababu yenyewe ni macho. Katika uso ule wa mawe Kirby aliacha macho mawili ya buluu ya mtu wa kawaida, na kila huzuni inapita humo.

Kisha akaja Spider-Man, katika Amazing Fantasy namba 15, Agosti 1962. Hapa nitakaa kidogo.

Peter Parker ni yatima anayelelewa na ami yake Ben na mkewe May huko Queens, New York. Ni mwanafunzi hodari, mpole, asiyealikwa popote. Anaumwa na buibui aliyepata mionzi, anapata nguvu, na jambo la kwanza analolifikiria ni fedha: anakwenda kujionyesha kwenye televisheni. Mwizi anampita mbio, askari anapiga kelele asaidiwe, naye anamwacha apite. Kumkamata, anasema, ni kazi ya mwingine. Siku chache baadaye ami Ben anauawa nyumbani na mwizi. Peter anamfuata, anambana, anamgeuza uso. Ni yuleyule.

Kisa chote ni kurasa 11. Hakuna adui mkuu, hakuna mpango wa kuiteka dunia. Kuna kijana mmoja aliyekuwa na uwezo wa kunyoosha mkono asiunyooshe. Tangu hapo analipa, na deni halipungui. Nimesoma riwaya nyingi nzuri, na kisa kilichobeba hatia kwa ufupi wa namna hii nimekutana nacho mara chache sana.

Na kwa kuwa yuko hivyo, nguvu zake hazimletei raha yoyote. Anakosa kodi ya nyumba. Shangazi May anaugua. Mhariri wa gazeti anamlipa kidogo kwa picha zake na kumchafua jina katika ukurasa wa mbele. Mwaka 1973, katika toleo la 121 lililoandikwa na Gerry Conway na kuchorwa na Gil Kane, mpenzi wake Gwen Stacy anarushwa kutoka juu ya daraja. Spider-Man anamdaka kwa utando, anafurahi, anamvuta juu, na kumbe ameshika maiti. Wasomaji wa wakati ule walikuwa hawajazoea kuona shujaa akifika na bado akawa amechelewa. Wengi wa waandishi wa historia ya komiki huuhesabu mwaka huo kuwa mwisho wa zama fulani, nami nakubaliana nao.

3. Mchoro unafikiri

Wapo wanaosema: hadithi ni nzuri, basi iandikwe riwaya, picha za nini? Hoja hii ninaijibu kwa mfano mmoja.

Chukueni Amazing Spider-Man namba 33, ya mwanzoni mwa 1966. Shangazi May yuko hospitalini mahututi kwa sababu damu aliyochangiwa na Peter ina mionzi. Yaani wema wa kijana ndio unaomuua mzee. Dawa imepatikana. Imo ndani ya chupa sakafuni, hatua chache tu kutoka alipo, lakini Peter amelaliwa na mtambo wa chuma wa tani nyingi, katika maficho yaliyo chini ya maji, na dari linavuja. Steve Ditko anafanya nini na hali hiyo?

Anakigawa kitendo kimoja, kuinua chuma, katika kurasa kadhaa. Visanduku vinaanza vidogo, vimebana, na weusi mwingi umejaa ndani yake, hata msomaji mwenyewe anahisi kifua kimezibwa. Tunaona mgongo. Tunaona mkono unaotetemeka. Tunaona maji yakidondoka. Anajaribu, anashindwa, analegea. Sura za Ben na May zinampitia akilini. Anajaribu tena, na visanduku vinaanza kukua. Kila kimoja kinampa nafasi zaidi kuliko kilichotangulia, chuma kinapanda, mpaka unapofunua unakuta kisanduku kimeumeza ukurasa wote na kijana amesimama wima. Ukubwa wa kisanduku ndio nguvu. Mwandishi wa riwaya angehitaji kukuambia kuwa alikuwa amebanwa na sasa yu huru. Ditko amekubana wewe, kisha amekufungulia.

Kazi hii ilifanywa kwa karatasi duni ya gazeti na kwa wino wa rangi nne. Masharti hayo ya uchapaji yaliamua mambo mengi kuliko tunavyodhani. Hulk alipotoka mara ya kwanza mwaka 1962 alikuwa wa kijivu. Mtambo ukashindwa kuitoa kijivu ile kwa usawa, ukurasa huu imekolea, ule imefifia, na kwa hiyo toleo lililofuata akawa wa kijani. Fundi wa mitambo naye ana sehemu yake katika historia ya sanaa hii.

Vijana wanaochora hapa ukumbini wajue pia jinsi kazi zile zilivyotengenezwa, kwa sababu tutalihitaji jambo hili tukifika mwisho. Mara nyingi Lee alieleza kisa kwa ufupi, na pengine bila hata kuandika. Mchoraji alikwenda kukichora chote, akiamua mwenyewe nani asimame wapi, pigano liishe vipi, uso gani uonyeshe nini. Kisha Lee alijaza maneno katika viputo, na maneno yake yalikuwa na uhai, hilo sitamnyima. Lakini mtu akiamua tukio, mwendo na tamati, mimi simwiti msaidizi. Naye ni mtunzi.

4. Wazazi na walimu waliogopa kitu gani

Najua baadhi yenu mlipigwa marufuku kusoma vitu hivi. Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alichapisha kitabu kilichodai kuwa komiki zinazalisha wahalifu watoto. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefungua kliniki ya gharama ndogo Harlem kwa ajili ya Weusi waliokosa huduma hiyo kwingine. Baraza la Seneti lilifanya vikao New York, na wachapishaji kwa hofu wakaunda chombo cha kujikagua wenyewe, Comics Code Authority.

Chombo hicho kilipofika kazini kilifanya nini? Mwaka 1956 kampuni ya EC ilitaka kurudia kuchapisha kisa cha mwanaanga anayekataa kuipokea sayari moja katika jumuiya ya sayari kwa sababu roboti wake wa rangi moja wanawabagua wa rangi nyingine. Katika kisanduku cha mwisho mwanaanga anavua kofia, nasi tunaona kuwa ni mtu Mweusi. Mkaguzi alitaka asiwe Mweusi. Mchapishaji William Gaines alikataa, akakichapa kama kilivyo. Na mwaka 1971 Stan Lee alipoandika matoleo matatu ya Spider-Man yanayoonyesha madhara ya dawa za kulevya, kwa ombi la idara ya afya ya serikali, chombo kilekile kiliyanyima muhuri wake. Matoleo yalitoka bila muhuri, na baadaye mwaka huohuo kanuni zikalegezwa. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ukiona mwanao anasoma komiki, kaa naye uisome. Utajua kilichomo, na mtakuwa na la kuzungumza.

5. Bara letu katika kurasa zao

Hapa mpenzi wa komiki analazimika kusema ukweli wenye uchungu. Katika miaka ya 1930 na 1940 Mwafrika alichorwa kwa namna ya kufedhehesha: midomo mikubwa, mifupa puani, kelele na woga. Na Phantom wa Lee Falk, aliyeanza 1936 na anayehesabiwa miongoni mwa waliowatangulia majabari, ni mzungu anayelinda msitu wa wenyeji wasioweza kujilinda. Tusiyafiche hayo tunaposifu mengine.

Ndiyo maana Fantastic Four namba 52, ya Julai 1966, ina uzito wake. Lee na Kirby wanawapeleka mashujaa wanne katika nchi ya kubuni ya Kiafrika iitwayo Wakanda. Mfalme wake, T'Challa, Black Panther, anawaalika kwa heshima kisha anawawinda, mmoja mmoja, ili kujipima, na nusura awamalize wote. Msitu wenyewe ni wa mitambo; Kirby ameuchora kwa nyaya na vyuma vinavyometameta. Mfalme ni mwanasayansi. Nchi ina madini adimu, vibranium, nayo haijawahi kutawaliwa. Ukikumbuka kuwa 1966 nchi zetu nyingi zilikuwa na miaka mitatu, minne, mitano ya uhuru, utaelewa kwa nini msomaji Mwafrika alikisoma kisa kile tofauti na mtoto wa New York.

Kilichofuata ni bora zaidi, na ndicho ninachowasihi mkitafute. Kati ya 1973 na 1975 mwandishi Don McGregor, pamoja na wachoraji Rich Buckler na kisha Billy Graham, mchoraji Mweusi kutoka New York, walisimulia kisa kirefu kiitwacho Panther's Rage katika jarida la Jungle Action. Kisa chote kiko Wakanda na karibu wahusika wote ni Weusi. T'Challa amerudi baada ya kukaa Marekani akipigana vita vya watu wengine, na anakuta wananchi wake wameteseka, vijiji vimechomwa, na mpinzani, Erik Killmonger, amekusanya jeshi la waliokata tamaa. Mfalme anapigwa, anatupwa kwenye maporomoko ya maji, anaokotwa akiwa nusu mfu. Swali analoulizwa na watu wake ni lilelile la deni: ulikuwa wapi sisi tukifa? Filamu ya 2018, ambamo Lupita Nyong'o wa Kenya alicheza Nakia, ilichota sana humo.

Kenya inanipeleka kwa Ororo, aitwaye Storm. Alitokea mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men namba 1, kazi ya Len Wein na Dave Cockrum. Mama yake ni binti wa ukoo wa kifalme nchini Kenya, baba yake Mmarekani mpiga picha. Anatawala mvua na upepo. Profesa Xavier, mkuu wa kundi la X-Men, anapomfuata Kenya anamkuta anaabudiwa na wanakijiji kama mungu. Picha hiyo ya Kenya mimi siikubali. Mwaka ule jengo la KICC lilikuwa limekwisha simama katikati ya Nairobi na Chuo Kikuu kinafundisha. Lakini mwandishi Chris Claremont alimchukua mhusika huyo akamjengea utu. Alieleza kuwa alipokuwa mtoto huko Cairo, wakati wa vita vya Suez mwaka 1956, nyumba yao ilianguka, wazazi wakafa, naye akabaki amefukiwa chini ya kifusi pamoja na maiti ya mama. Kwa hiyo mwanamke anayeamrisha tufani anashikwa na hofu akifungiwa katika chumba kidogo.

Baadaye ananyang'anywa nguvu zote. Claremont na mchoraji Barry Windsor-Smith wanamrudisha Afrika kwa miguu, mtu wa kawaida, ajifunze upya kuishi. Na katika Uncanny X-Men namba 201, ya mwanzoni mwa 1986, anashindana na Cyclops kuwania uongozi wa kundi. Cyclops ana macho yanayotoa miale ya kubomoa milima. Ororo hana kitu ila akili na wepesi wake. Anamshinda. Kama mna binti nyumbani, mtafutieni toleo hilo.

Deni ambalo halijalipwa

Hoja tano zimekwisha, Ndugu Mwenyekiti, lakini niliahidi kurudi kwa wenye kampuni.

Mwaka 1938 Siegel na Shuster waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Hundi yenyewe ipo; mwaka 2012 iliuzwa mnadani kwa dola 160,000. Nakala moja ya Action Comics namba 1 iliuzwa mwaka 2024 kwa dola milioni 6. Wabunifu wenyewe walikwenda mahakamani, wakashindwa, majina yao yakaondolewa kwenye kazi. Kufikia miaka ya 1970 Shuster alikuwa karibu kipofu, na Siegel alikuwa karani mwenye mshahara mdogo. Mwaka 1975, filamu kubwa ya Superman ikiwa katika maandalizi, Siegel alipeleka malalamiko yake kwa vyombo vya habari. Wachoraji Neal Adams na Jerry Robinson waliwapigania mpaka kampuni ikakubali kuwapa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina yao.

Bill Finger, aliyempa Batman sura tunayoijua, pamoja na jina la Bruce Wayne na mji wa Gotham, alifariki 1974 bila kutajwa rasmi kama mbunifu. Jina lake liliwekwa mwaka 2015. Kirby alihangaika miaka ya 1980 kuomba arudishiwe michoro yake mwenyewe, akarudishiwa sehemu tu, akafariki 1994. Warithi wake walifikia makubaliano na Marvel mwaka 2014. Watu waliotufundisha kuwa mwenye nguvu ana deni walifanyiwa hivyo na wenye nguvu, na sioni neno jingine la kuliita jambo hilo isipokuwa dhuluma.

Nayasema haya kwa ajili ya kesho yetu. Sisi pia tuna hazina. Jarida la Sani lilianzishwa na marafiki wawili, Saidi Bawji na Nico Ye Mbajo, wakalipa jina kwa kuunganisha mianzo ya majina yao, na kizazi kizima cha Tanzania kiliwajua wahusika wake Ndumilakuwili na Kipepe kabla ya kumjua mbunge wake. Kenya, komiki ya Shujaaz imewafikia vijana kwa lugha yao tangu 2010. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kenya ina yake ya 2001. Kijana unayechora, isome sheria hiyo kabla hujatia saini. Usiuze mhusika wako kwa malipo ya mara moja. Andika jina lako kwenye kila ukurasa, na la mwenzako aliyeandika maneno, na la aliyetia rangi. Mhariri unayenisikia, lichapishe jina hilo hata kama nafasi ni finyu.

Na idara za fasihi zianze sasa kuzifundisha kazi hizi, za kwao na zetu, kwa darubini ileile tunayoitumia kwa tamthilia. Kwa hilo tunahitaji nakala. Majarida yetu ya miaka ya 1970 na 1980 yamo mabandani, yanaliwa na mchwa, na maktaba zina machache mno. Mwenye nakala ya zamani ya Sani au ya jarida lolote la katuni la Kiswahili, hata ikiwa imechanika jalada, naomba aikabidhi maktaba iliyo karibu naye, au aruhusu ipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kisha arudishiwe. Tuanze na zilizomo majumbani mwetu sisi tulio ndani ya ukumbi huu.